Hawara wa Nesi

"Hawara wa nani?"

Nesi aliyasema hayo peke yake ndani ya gari, kidole kimesimama hewani mbele ya skrini.

Alikuwa ameegesha nje ya duka la mchumba wake, duka la kufunga redio na skrini za magari. Mchumba mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ndani anamalizana na mteja. Walipanga waende wakauone ukumbi wa harusi yao, ambayo ilikuwa imebakiza wiki tatu tu. Nesi akaona afungue ramani mapema, maana yeye kwa kupotea hana mpinzani. Mtu huyu anaweza kupotea kati ya chumbani na jikoni.

Ramani ikafunguka na orodha ya mahali palipohifadhiwa. Nyumbani. Kazini. Na chini yake, pamoja na nyota ya njano, mahali ambapo jana hapakuwepo:

*Hawara wa Nesi.*

Nesi ni yeye. Hapo mtaani hakuna mwingine.

Akaweka kiganja kwenye honi akakiacha hapohapo. Mteja alitoka mbio akidhani gari lake linaibwa. Fundi akamfuata nyuma, bisibisi mkononi.

"Vipi, mpenzi? Kuna nini?"

"Hii ni nini?"

Fundi akainama dirishani, akasoma. Uso ukambadilika.

"Imefikaje huku?" akanong'ona.

"Sijakuuliza imefikaje. Nimekuuliza ni nini!"

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Na wasikie! Nani kaandika?"

"Mimi," Fundi akasema. "Nimeandika jana. Kwenye simu yangu."

"Kwenye simu yako. Na kwenye gari langu imefuata nini?"

Macho ya Fundi yalimponyoka yakaenda kwenye droo ya dashibodi. Nesi akayafuata. Ndani ya droo ile ilikaa simu ya zamani ya Fundi, imeunganishwa na skrini kwa waya mfupi. Fundi alimpa Nesi zawadi hiyo siku yake ya kuzaliwa, pamoja na skrini yenyewe. "Hii ni ya ramani tu," alimwambia siku ile. "Yako ibaki kwenye mkoba. Sitaki upotee tena." Nesi alilia kwa furaha. Alitembeza habari wodi nzima, akawaringia wenzake ambao waume zao huwapa khanga.

"Hiyo simu iko kwenye akaunti yako," Nesi akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ninakokwenda unakuona."

"Naona gari linakokwenda."

"Tangu lini?"

"Mwanzoni ilikuwa bahati mbaya. Niliwasha ramani yangu asubuhi moja, nikakuta safari ambazo si zangu..."

"Na baada ya mwanzoni?"

Fundi akaanza kuizungusha bisibisi mkononi. Fundi wa skrini anayetegemewa na mji mzima, na bado alisahau kwamba njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Alichokiandika kwenye simu mpya kilitokea kwenye ile ya zamani, na kutoka hapo kikaenda kukaa kwenye skrini aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini mwanaume akibanwa kwenye kona hutafuta pa kutokea, na Fundi alitokea kwa ukali.

"Kwanza wewe ndiye wa kunijibu mimi! Kila Jumanne, kila Alhamisi, gari linakwenda kwenye nyumba yenye geti la kijani. Linakaa mpaka jioni. Ukirudi unaniambia ulikuwa wodini, umechoka, miguu inauma. Na mimi mjinga nakukanda miguu!"

"Jumanne na Alhamisi niko wodini."

"Gari haliko hospitali!"

"Kwani mimi ndiye gari?"

"Usinichezee akili. Geti nimekwenda kuliona mwenyewe. Nje pana viatu vya kiume."

Nesi alimtazama mtu huyu ambaye alikuwa anajiandaa kuzaa naye. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Ulikwenda mpaka getini. Ukahesabu viatu. Ukarudi, ukala chakula nilichopika, ukaniuliza siku yangu ilikuwaje."

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

"Panda gari."

"Twende wapi?"

"Kwa hawara wangu. Nikamsalimie, sijawahi kumwona."

Akabonyeza ile nyota. Yule mama wa kwenye ramani, ambaye hajui aibu wala hasira, akaanza kazi yake.

"*Nenda moja kwa moja. Kisha geuka kulia.*"

Nesi aliondoa gari kwa kishindo hata bisibisi ikaanguka chini ya kiti.

"Pole pole," Fundi akasema.

"Usinifundishe gari."

"Kama huna hatia, hasira za nini?"

"Rudia."

"Nasema kama mtu huna hatia..."

"Siku nne kwa wiki nageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Nachekwa kwa kupotea, nakubali. Lakini sijawahi, hata siku moja, kukuuliza ulikuwa wapi, ukanijibu, na mimi nikakosa kukuamini. Halafu wewe unanifungia jicho kwenye dashibodi na kuliita zawadi!"

"*Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto.*"

"Ilikuwa zawadi."

"Ilikuwa zawadi mpaka siku ile ulipoona safari za kwanza. Siku ile ungesema, ingebaki zawadi."

Fundi akageukia dirisha. Kilichomuuma Nesi zaidi ni kwamba mtu huyu ndiye aliyemfundisha kutoogopa barabara. Walikutana hivyo. Redio ya gari iliharibika, akaenda kutafuta duka lake, akapotea, akampigia akiwa karibu kulia. Fundi hakumcheka. Alimwuliza tu, "Niambie unaona nini mbele yako," akamwongoza mtaa kwa mtaa, kibao kwa kibao, mpaka akamwona amesimama nje ya duka anapunga mkono. Nesi alianza kumpenda kabla hajazima gari.

Walipokaribia, wazo moja likamgonga. Siku za zamu ya mchana alikwenda kazini na basi la hospitali. Gari lilibaki nyumbani. Na ufunguo wa pili ulikuwa kwa mama yake.

Mama alimwambia kwamba Jumanne na Alhamisi anakwenda kliniki ya presha. Na leo asubuhi alimuaga kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Nesi akafunga mdomo.

"Mbona umenyamaza?" Fundi akamchokoza. "Tumekaribia, eh?"

"*Umefika unakokwenda.*"

Geti la kijani. Fundi alishuka kabla gari halijasimama vizuri, akakunja mikono ya shati, akaligonga geti kwa ngumi.

"Fungua! Toka nje tuonane wanaume!"

Ndani pakasikika kandambili zikiburuzwa. Geti likafunguka. Akatokea mzee mmoja, taulo begani, miwani kwenye paji la uso, mwiko mkononi.

Ngumi ya Fundi ilikuwa bado juu. Ikashuka yenyewe.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," akajibu mzee. "Ndiyo hodi gani hiyo?"

Alikuwa Mzee Saa. Fundi saa wa pale mjini, mjane wa siku nyingi, na zaidi ya yote, mshenga wao. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mama yake Nesi kupeleka posa ya Fundi. Fundi alimjua kwenye kibanda chake cha saa tu. Kwamba alihama na kuhamia nyumba hii, hakuwa na habari.

"Ni nani, mpenzi?" sauti ya kike ikauliza kutoka ndani. "Kama ni wa maji mwambie tumeshalipa."

Nesi aliijua sauti ile tangu tumboni.

Mama akatokea mlangoni na khanga kiunoni, unga mikononi. Alipomwona bintiye akarudi nyuma hatua moja, halafu akaona kurudi nyuma hakusaidii kitu.

"Mwanangu."

"Kliniki ya presha, mama?"

"Presha ninayo kweli," mama akasema. "Hapa ndipo inaposhuka."

Siku nyingine Nesi angecheka. Leo hakuweza.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Mzee wa watu kaja kukuletea posa wewe, mimi nikamwangalia machoni? Nilitaka uolewe kwanza. Mama mtu hawezi kumwahi mwanawe." Akajifuta unga kwenye khanga. "Lakini nyinyi mmejuaje niko hapa?"

Fundi akatazama vidole vya miguu yake.

"Mwambie," Nesi akasema.

"Mpenzi, tafadhali, tukaongee nyumbani."

"Mwambie mama yangu umemwandikaje. Ulikuwa na mdomo wa kupiga kelele getini, sasa umekwenda wapi? Au nilete skrini wasome wenyewe?"

Fundi akasema. Alisema kwa sauti ndogo, na mama alimwomba arudie kwa sababu hakuamini masikio yake.

Mzee Saa alishusha miwani machoni, akamtazama kijana wake kama anavyotazama saa iliyoingia maji.

"Hawara," akasema. "Mimi na umri wangu." Akauhamisha mwiko mkono wa pili. "Nilikaa kwenye kochi la mama huyu nikamwambia, kijana wangu ni mtu wa kuaminika. Nilikusemea, mwanangu. Na wewe kumbe mwenzio humwamini hata kidogo."

"Nisamehe, mzee. Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani!" Nesi akadakia. "Hukuuliza!"

Akarudi kwenye gari, akafungua droo, akaichomoa ile simu pamoja na waya wake. Skrini ikawa nyeusi. Akaiweka simu mkononi mwa Fundi na kumfunga vidole juu yake, kimoja kimoja, kama anavyowafunga wagonjwa bandeji.

"Hii ilikuambia gari liko wapi. Haikukuambia nani yumo. Hilo lilitaka mdomo, na mdomo unao. Harusi hakuna."

"Nesi..."

"Harusi hakuna! Na bisibisi yako iko chini ya kiti, ichukue."

Siku zile zilizofuata simu ya Nesi haikupumzika.

*"Nimekosa. Sina cha kujitetea."*

*"Akaunti nimeifuta. Ile simu nimeifungua, nimeuza vipuri."*

*"Umekula?"*

Hakumjibu. Mara moja tu aliandika, "Kazi njema," akafuta kabla hajatuma, halafu akajikasirikia kwa kuandika.

Mama naye alikuja chumbani kwake jioni moja, akakaa kando ya kitanda.

"Ukumbi umeshalipiwa," akasema.

"Najua, mama. Usinitoneshe."

"Sikutoneshi. Nauliza tu. Mzee anasema, kwa kuwa siri imeshatoka..."

Nesi akamtazama mama yake. Mwanamke wa makamo yule alikuwa anachezea pindo la shuka kama binti wa sekondari.

"Mama! Unataka ukumbi wangu?"

"Kama huutumii."

Hapo ndipo Nesi alipocheka kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mama akamshika kichwa mpaka vyote viwili vikaisha.

Siku ya harusi ikafika, na mama, bibi harusi, akasahau viatu nyumbani. Nani wa kuvifuata? Mwenye gari. Kwenda Nesi alikwenda vizuri. Kurudi akakuta barabara imechimbwa, mafundi wa mabomba wamejaa. Akapinda kushoto, akapinda tena, akatokea mahali ambapo hajawahi kupaona tangu azaliwe. Skrini ilikuwa nyeusi, na simu yake ya mkobani haikuwa na bando la kufungulia ramani. Aliapa hakuna simu itakayoingia tena kwenye droo ile, na kiapo kilikuwa kinamtokea puani.

Akampigia mama. Simu inaita, haipokelewi. Akampigia Mzee Saa. Hivyo hivyo. Viatu vyeupe vilikuwa kwenye kiti cha pembeni vinamtazama.

Kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine pale ukumbini ambaye namba yake aliijua kwa kichwa. Mzee Saa alimwalika. Alisema kijana ni wake hata akiwa mpumbavu.

Ikaita mara moja.

"Nesi?"

"Nimepotea."

Nyuma ya Fundi muziki ulisikika, halafu mlango ukafungwa na muziki ukapungua.

"Uko wapi?"

"Ningejua ningekupigia?"

"Samahani. Ni kwamba..." Akasita. "Sina pa kuangalia. Sijui uliko. Sijui kabisa."

Nesi aliegemeza kichwa kwenye usukani. Alijikuta anayasikiliza maneno hayo mara ya pili kichwani. Sijui uliko. Yalimpoza kuliko samahani zote alizotumiwa.

"Niambie," Fundi akasema taratibu, "unaona nini mbele yako?"

Machozi yakamjaa, akayakaripia.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Sijakusamehe. Nimepiga kwa ajili ya viatu vya mama yangu."

"Najua, Nesi. Unaona nini?"

Akainua kichwa.

"Duka la magodoro. Lina ukuta wa bluu. Na mbwa amelala katikati ya barabara, hataki kuondoka."

"Mbwa wa rangi gani?"

"Rangi ya mbwa inakusaidia nini?"

"Hainisaidii. Nimeuliza tu."

Nesi akauma mdomo ili asicheke, na hakufanikiwa vizuri.

"Kahawia," akasema.

"Basi mpitie pembeni, usimwamshe. Ukuta wa bluu ukae mkono wako wa kulia. Nenda taratibu, halafu uniambie kinachofuata."

Nesi akaweka gia. Gari likasogea.

"Fundi."

"Naam."

"Usikate simu."