Nakala ya Kianjokoma

Vidole vya Muthamia vilikuwa vimevunjwa kimoja baada ya kingine.

Ajenti Kendi alipiga goti kando yake, bastola ya Glock mkononi. Nje, malori ya Makutano yalipiga honi kama siku nyingine yoyote.

"Walinilazimisha nifute rekodi, madam," fundi huyo wa kompyuta alisema. "Kila hospitali iliyopokea zile dripu."

Dripu bandia, zenye sumu. Genge la Mwirigi lilikuwa limezivusha mpakani, na wagonjwa tisa walikuwa wameshazikwa. Rekodi hizo pekee ndizo zilizoonyesha sumu iliyobaki iko wapi.

"Hakuna nakala?"

"Iko Kianjokoma. Inafuta chochote tunachofuta hapa, lakini niliiweka ichelewe masaa matatu, mtu akikosea tuwe na pa kurudi." Alikohoa damu. "Amri ya kufuta imeshafika huko. Inangoja saa yake. Lazima uisimamishe huko huko, kwa mkono."

"Imebaki muda gani?"

"Kama masaa mawili. Na Mwirigi anajua. Nilimwambia walipovunja kidole cha mwisho."

Tumbo la Muthamia lilikuwa limeloa damu. Angemkimbiza hospitali, angechelewa Kianjokoma. Kendi alilijua hilo.

Muthamia naye alilijua.

Kendi aliita ambulensi, akatoka bila kugeuka.

Subaru ilizimeza kona za Nithi. Redio ikakwaruza.

"Kendi, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Abdikadir, mkuu wake.

"Napita Chuka."

"Prado nyeupe ya Mwirigi iko mbele yako. Na yule fundi amefariki."

Kendi alibadilisha gia.

Chumba cha seva cha Kianjokoma kilikuwa nyuma ya stoo ya majani chai. Prado ilikuwa mlangoni, injini bado ya moto. Ndani, Mwirigi alikuwa akimwaga petroli.

Kendi hakumwonya. Risasi ilimpasua goti, kibiriti kikamdondoka mkononi bila kuwaka.

Alimruka, akaketi kwenye kompyuta, akaandika amri moja.

Amri ya kufuta ikasimama. Dakika nne kabla ya nakala kufutika.

"Nifunge mguu," Mwirigi aliomba. "Nitakufa."

"Ngoja."

Akaanza kumsomea Abdikadir majina ya hospitali kwa redio ya mkononi, moja moja, bila haraka. Damu ilijichanganya na petroli sakafuni. Alipotaja zahanati moja ya Nchiru, Mwirigi aliinua kichwa.

"Rudia hiyo."

Kendi alirudia.

"Sikupeleka Nchiru. Mathe wangu amelazwa hapo."

"Madereva wako walipeleka."

Mwirigi alijikokota hadi kwenye kiti cha Kendi. "Waambie wamtoe hiyo dripu. Tafadhali."

Kendi alibonyeza redio. "Hospitali zimejibu?"

"Zote zimeziondoa dripu," Abdikadir alisema. "Isipokuwa Nchiru. Simu inaita tu. Nimetuma gari."

Mwirigi alilitaja jina la mama yake, Regina, mara nyingi, kama mtoto.

Kendi alichomoa diski ya nakala, akaitia mfukoni. Akamrushia bendeji.

"Polisi wako njiani. Funga mwenyewe."

Akatoka juani, akawasha Subaru.