Waya wa Dakika Mbili

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ukumbi wa mtaa ulijaa wagonjwa wa kila namna: feni zisizozunguka, pasi zisizopata moto, viti vilivyopungua mguu. Kila kilichopona hapo kilinusurika jalala, na malipo yalikuwa ahsante. Majirani waliopishana miaka bila salamu sasa walijuana kwa maradhi ya birika zao. Sharti lilikuwa moja tu: chombo hakifunguliwi mpaka mwenyewe awepo, ameshika tochi.

Mlangoni pale ndipo mwoka mikate alipomgonga fundi redio kwa redio aliyoikumbatia.

"Pole, dada. Nimekuumiza?"

"Mimi mzima. Wa kuhurumiwa ni huyo mgonjwa wako."

Fundi alivaa ovaroli la buluu na kilemba chekundu alichochomeka bisibisi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Kijana alikuwa na shati jeupe, unga kwenye kiwiko, na harufu ya mkate wa moto. Akashika tochi, Bisibisi akafungua redio, akauona ugonjwa papo hapo: waya mmoja umeachia. Kuulehemu ni dakika mbili. Lakini kijana alikuwa anacheka vizuri, na dakika mbili zingekwisha upesi mno.

"Kuna kifaa kimekufa," akasema Bisibisi. "Nitakitafuta. Niachie redio, urudi mwezi ujao."

Wakapeana namba, na kuanzia hapo simu ya Bisibisi ililia kila jioni.

"Kifaa kimepatikana?"

"Bado. Kwani unapiga kuulizia kifaa?"

"Niulizie nini kingine, mpenzi? Samahani, fundi."

"Endelea na lile la kwanza."

Njia ya mwongo ni fupi; yake ilikuwa mwezi mmoja kamili. Siku ya kikao cha ukumbini kijana alikuja, Bisibisi akaenda kuleta chai, na aliporudi, mzee mmoja, fundi wa pasi wa meza ya pili, alikuwa ameshaifungua redio, nayo inaimba.

"Waya tu, mwanangu," mzee akamwambia mwoka mikate kwa furaha. "Dakika mbili."

Kijana akamgeukia Bisibisi. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka urudi."

"Mama yangu haoni. Redio ndiyo macho yake. Ungeniambia tu nirudi, ningerudi hata na kikombe kilichovunjika."

Akaondoka. Simu zake zikakoma, na za Bisibisi hazikupokelewa. Kikao kilichofuata alitengeneza birika mbili na jiko moja, macho yakiwa mlangoni. Alimpenda yule kijana, na alikuwa amempoteza kwa mkono wake mwenyewe. Mwishowe akasema liwalo na liwe, akavaa gauni la maua ya njano, akabeba mkoba wa vifaa, akaenda kwa mama mtu saa ambayo mwana yuko kazini.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye fundi niliyekunyima redio."

"Marahaba. Umechelewa, nilikutegemea wiki jana." Mama alikaa kando ya dirisha, redio mapajani. "Mwezi ule mwanangu alikuwa ananisimulia habari zako mpaka napitiwa na usingizi. Sasa redio inasema, yeye hasemi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ngoja." Akapapasa nyuma ya redio, akang'oa kifuniko, akavuta waya. Sauti ikakatika. Kisha akabonyeza simu. "Mwanangu, redio imekufa tena. Njoo sasa hivi."

Mwoka mikate alifika akihema, aproni mwilini, unga mpaka kwenye nyusi. Akasimama mlangoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakusubiri. Redio haifunguliwi mpaka mwenyewe ashike tochi," akasema Bisibisi, akamsogezea ya kwake.

Kijana akaichukua, akavuta kiti.

"Haya. Leo inahitaji kifaa gani?"

"Hakuna. Ni waya tu, dakika mbili. Zikiisha, ukitaka nitaondoka."

Kijana akausogeza mwanga kwenye waya.

"Na nisipotaka?"

"Niambie leo, nisije nikaharibu na feni yenu."

"Sitaki uondoke," akasema. "Nataka tuoane, mpenzi. Na safari hii sisemi samahani."

Waya ule ulimchukua Bisibisi nusu saa, na mama hakumharakisha mtu.