Dole Gumba la Marehemu

Maiti ilikuwa na vidole tisa.

Inspekta alihesabu tena, maana hakuamini macho yake. Mkono wa kulia haukuwa na dole gumba. Marehemu, dereva wa lori, alikuwa amefariki Jumamosi kwa shinikizo la damu, na kifo chake hakikuwa na utata. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Limekatwa kwenye kiungo, baada ya kufa," alisema daktari aliyemchunguza. "Aliyekata ana mkono mzoefu."

"Ni nani walioingia humu jana?"

"Mke wa marehemu, kisha mama mzazi wa marehemu," alijibu mhudumu wa chumba cha maiti. "Kila mmoja aliomba kumuaga peke yake. Ningemkatalia vipi mfiwa?"

Mke alikuwa mgonjwa wa figo, akisafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi kwa bima ya mumewe. Mwanachama akifa, bima ya mke nayo inakoma. Ndiyo maana kila siku ya matibabu mume alitakiwa kubonyeza dole gumba kwenye kimashine cha alama za vidole, kuthibitisha kuwa yu hai. Wazo lilimjia Inspekta. Alivuka ua mbio hadi kliniki ya figo.

Karani, alipoulizwa kama dereva huyo amebonyeza dole leo, alitazama kompyuta. "Ndiyo, amebonyeza leo, saa mbili na dakika kumi."

"Ulimwona?"

"Hapana, afande. Mama yake alisema yuko kwenye gari, hawezi kutembea. Nikampa kimashine ampelekee. Wagonjwa wengi tunawasaidia hivyo."

"Huyo amekufa tangu juzi."

Karani aliketi bila kutazama kiti kilipo.

Mama wa marehemu alikuwa kwenye benchi, nje ya chumba cha matibabu, amepakata kikapu. Majirani walishasema yeye na mkwewe hawaivi chungu kimoja.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza kuku sokoni. Nachinja na kukata mwenyewe."

"Nipe hicho kikapu."

Ndani mlikuwa na chupa ya chai. Inspekta aliifungua. Dole lilikuwa humo, kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa miaka ishirini hakuwahi kurudi nyuma mbele ya ushahidi. Leo alirudi.

"Lilikuwa baridi, mashine ikalikataa," mama alisema. "Nikalipasha moto, ikakubali."

"Mama, huyo si mwanao wa kumzaa?"

"Ni wangu. Nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikamkata."

"Kwa ajili ya mkwe usiyempenda?"

"Simpendi hata leo. Ila asiposafishwa damu, atakufa wiki hii hii. Wajukuu wangu, mmoja ana miaka mitano, mwingine mitatu. Mimi nina sabini na moja. Nani atawalea?"

"Yeye anajua?"

"Hajui. Nilimwambia bima haijakatwa bado. Angejua, angekataa."

Nyuma ya kioo, mkwe alikuwa amelala, damu yake ikizunguka kwenye mipira. Mama alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipeleke, afande. Lakini Alhamisi atasafishwa kwa bima ya nani?"

Inspekta alimfunga pingu.