Aliyekwanguliwa Darajani

Kwanza ilikuwa harufu ya tope. Fundi picha alinusa ndoo, akanusa dekio, akavilaumu viatu vya mumewe. Kumbe ilitoka mezani, kwenye picha kuukuu ya kuchorwa, ya daraja la mji aliyopewa aisafishe kwa ajili ya maonyesho.

Picha ilipendeza, ila kulikuwa na mtu ameegemea ukingo wa daraja, amekunja uso. Fundi akaona huyu anamharibia kazi. Akashika wembe, akamkwangua taratibu kama anavyokwangua madoa ya ukungu, kisha akapaka rangi ya mto pale aliposimama. Hata sura yake hakuitazama vizuri.

Jioni mumewe alitoka bafuni ameshika shavu.

"Mke wangu, hebu niangalie. Pua yangu iko wapi?"

Haikuwepo. Pale pua ilipokuwa palikuwa laini, bila jeraha wala damu. Na ukutani, kwenye picha ya harusi yao, uso wa bwana harusi ulikuwa umejaa mikwaruzo mipya ya wembe.

Fundi alikimbilia mezani. Picha ya daraja ilikuwa inachuruzika maji.

"Nilikuwa mtoni kabla ya daraja lenu," sauti ilinong'ona humo ndani. "Mkanifukuza. Nikabaki kwenye picha hii tu, na wewe ukanikwangua. Basi na mimi namkwangua wako."

"Nisamehe! Nitakurudisha, nakuapia."

"Fanya haraka. Sasa namalizia mdomo."

Akanyakua brashi, akijaribu kuikumbuka sura ile ambayo hakuijali, huku nyuma yake mumewe akiguna bila mdomo na kumpapasa mgongoni kwa vidole vya baridi, na kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo brashi ilivyokwenda yenyewe, ikachora uso pekee ambao mkono wake uliujua kwa moyo.

Mguno ukakatika.

Kwenye picha, mumewe alikuwa ameshikilia ukingo wa daraja kwa mikono miwili, mdomo wazi, analiita jina la mkewe bila sauti.

"Asante, mke wangu," ilisema sauti ya mumewe nyuma yake.

Fundi akageuka. Pua ilikuwepo, mdomo ulikuwepo, hata kovu dogo la kidevuni. Akaanza kulia.

"Nyamaza," yule mtu akamwambia, akimfuta machozi. "Mimi nilizoea mle ndani. Na yeye atazoea."