Mayai Yaliyoguswa na Umeme

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, niliyeachana na mume na sikuolewa tena. Shule yangu ni ndogo. Kiswahili nilifundishwa na babu pamoja na Kurani, maana nyumbani tulisema Kikomori na sokoni Kimalagasi. Nitaeleza kama nilivyoona…

Tulizaliwa wawili mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga, mimi na mdogo wangu Zaina. Kwetu Wakomori nyumba ni ya binti, mume huja kuishi humo. Mimi nilikuwa nimemfuata mume wangu Abdu kisiwani Nosy Be, kwa hiyo mama alimwachia Zaina nyumba. Lakini Zaina aliishi na mumewe Musa miaka mingi bila mtoto. Nyumba ya mama ingekuja kuwa ya nani? Swali hilo lilimkondesha.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Abdu alifanya kazi katika maabara ndogo kando ya bahari. Aliosha vyombo vya kioo, na kuleta kutoka mwambani wale viumbe wa mviringo wenye miiba. Daktari, mama mmoja wa Kifaransa, aliyatoa mayai yao, akayapitishia umeme kwa mipigo mifupi, kisha akayatazama kwa darubini.

Idi moja tulikwenda Mahajanga. Musa na Abdu, kwa kuwa walioa ndugu, waliitana mwanyumba, na Musa hakuchoka kumtania mwenzake.

“Mwanyumba, chupa za Wazungu zimekwisha kuoshwa, au tukuletee na sufuria zetu?”

Watu walicheka. Abdu hakucheka.

“Chekeni tu. Mimi nimeona yai lisilokutana na dume. Limeguswa na umeme likagawanyika, kama mtoto anavyoanza.”

Zaina aliacha kula. “Na baadaye, shemeji?”

“Baadaye yanakua.”

Nilikuwa nikigawa wali. Nilisikia, nikaendelea kugawa…

Miezi ikapita. Zaina akaja Nosy Be, amechoshwa na gari na mashua ya kutoka bandari ya Ankify. Aliniambia amekuja kunisalimu. Kumbe yeye na Abdu walikwisha kupatana! Daktari alikuwa safarini. Mchana mmoja mume wangu alifungua maabara, akamlaza mdogo wangu juu ya meza, akambandika nyaya tumboni. Akauzidisha umeme, kwa sababu, alivyosema baadaye, mtu ni mkubwa kuliko yai.

Zaina alirudi akijishikiza ukutani, damu ikimtoka.

“Dada, usimgombeze shemeji. Mimi ndiye niliyemwomba.”

Hospitali mkunga alinivuta pembeni. Mdogo wangu alikuwa tayari na mimba changa, mimba ya Musa, na mwenyewe hakujua. Ilikuwa imetoka. Damu haikukatika… Kabla ya magharibi tulikuwa tumempoteza.

Daktari aliporudi nilimwendea. Sikwenda kumlaumu. Nilitaka kujua mayai yale huwa nini mwishoni.

“Hugawanyika kidogo, halafu hufa,” alinijibu. “Mengine hupasuka palepale. Abdu hakukwambia? Yeye ndiye anayeyamwaga kila jioni.”

Kila jioni! Nilimuuliza Abdu kwa nini. Akasema alitaka siku moja tu wakwe zake wamwite daktari. Tena alidhani kwa binadamu huenda ingekuwa tofauti. Naamini alimpenda Zaina kama ndugu. Hata hivyo sikuweza tena kula chakula kilichoguswa na mikono ile.

Sasa naishi Ampisikina. Musa alinikabidhi ufunguo. Tangu siku ile sijamsikia akimtania mtu. Mimi pia sikujaliwa binti. Nikifa, nyumba ya mama itafungwa.

Ndugu zangu, mnaotamani mtoto, au dawa, au muujiza wowote, nawasihi. Mtu akikusimulia mwanzo mzuri, usimwachie ainuke kabla hajakueleza mwisho aliouona kwa macho yake. Zaina aliuliza, maskini… Alijibiwa kwa maneno mawili, nasi sote tukaendelea kula.