Kipimo cha Bramwel

Kila akitoka shuleni, Milcah alimchukua mdogo wake, Bramwel, kwa jirani, akampikia uji na kumpa dawa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na sikio lilikuwa likimtoka usaha. Daktari alimpima uzani, na Bi Salha, mwenye duka la dawa pale mtaani Magongo, akatoa chupa ya antibiotiki ya maji pamoja na kijiko chake. Alisisitiza kwamba kila dozi ipishane na nyingine kwa saa nane.

Siku moja Bramwel aliitema dawa, na wenzake Milcah walikuwa nje wakimwita wakacheze mchezo wa kati. Akakumbuka vidonge vya kapsuli ambavyo baba yao, Absalom, aliviacha kabatini kidonda chake cha mguu kilipoanza kukauka. Kama viliponya mguu wa mtu mzima, alijiambia, sikio la mtoto vitalimaliza mara moja. Alifungua vitatu, akamwaga unga wake ndani ya uji. Bramwel akanywa wote.

Jioni mtoto alitapika na kuhara mpaka macho yakadidimia. Absalom alipouliza amepewa nini, Milcah aliogopa, akaonyesha chupa. Baba hakungoja zaidi. Alichukua rungu, akatoka akipiga kelele kwamba Bi Salha amemlisha mwanawe sumu. Wanaume wa ploti walimopanga wakamfuata.

Milcah, aliyewafuata mbio, alisikia vioo vikivunjika kabla hajafika dukani. Mawe yalikuwa yakirushwa. Awadh, mwana wa Bi Salha, alikuwa chini, akipigwa mateke ya mbavu. Mama yake alikuwa amemlalia kumkinga, damu ikimtiririka usoni. Absalom akainua rungu. Milcah alijirusha, akaudaka mkono wake, lakini rungu lilikuwa tayari linashuka. Likampiga Milcah begani, akaangukia vipande vya vioo.

"Baba, ni mimi," alisema. "Nilimpa vidonge vyako. Vitatu."

Rungu lilimponyoka Absalom. Wale wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kutazamana.

Bi Salha ndiye aliyezungumza kwanza. "Mpelekeni mtoto hospitali sasa hivi. Mwambieni daktari ni vya mtu mzima, na saa aliyovinywa. Msifiche kitu."

Bramwel alitiwa maji kwa mshipa, akapona. Absalom alijipeleka mwenyewe polisi. Alipoachiliwa kwa dhamana, alikwenda na Milcah kumwomba Bi Salha na Awadh msamaha.

Bi Salha aliwaketisha. Jeraha la usoni mwake bado lilikuwa na nyuzi.

"Mwanangu," alimwambia Milcah, "mtoto si mtu mzima mdogo. Figo na maini yake bado ni machanga, ndiyo maana kipimo chake hufuata uzani wake, na saa zake hupangwa. Kilichomponya babako kingemuua nduguyo. Dawa ikikushinda, uliza."

Kisha akamgeukia Absalom. "Nawe ungeuliza kabla ya kupiga. Msichana huyu alijua ukweli tangu mwanzo. Aliuficha kwa kuuogopa mkono wako, na kwa sababu hiyo nusura tuzike watu wawili, mwanao na mwanangu."

Absalom alilitazama bega la binti yake lililofungwa bendeji, akainamisha kichwa.