Weupe Katika Jicho la Amri

Msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, kila asubuhi mjukuu wangu Mwanaheri hupanda dunguni, jukwaa la kulindia shamba, na mdogo wake Amri mgongoni. Hupiga debe, hurusha madongo, na ndege wakitulia hunitegea vitendawili huku mimi nikichambua mboga chini.

Siku moja hakutega. "Bibi! Jicho la Amri linang'aa weupe ndani, kama la paka!"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Shii! Kilema cha mtoto hakitajwi. Ukikitaja, kinakaa." Ndivyo nilivyolelewa. Nikampaka Amri wanja mzito ili watu wasiuone ule weupe.

"Hata mama nisimwambie?"

"Hata mama."

Alinyamaza wiki tatu. Jicho likaanza kwenda upande.

Siku ya kliniki tuliongozana na mkwe wangu Salima, mama yao. Nesi alimpima Amri uzito, akauliza, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikawahi kujibu.

"Si kweli, Bibi." Mwanaheri alikuwa analia. "Nesi, mtazame jicho."

"Jicho gani, mama?" Salima akanigeukia.

Nesi alifuta wanja, akamulika kwa tochi. Kisha akauliza, "Katika ukoo wenu, yupo mtoto aliyewahi kuwa hivi?"

Nilishindwa kuficha tena. "Mwanangu Kondo, ndugu wa baba yao. Jicho liling'aa, kisha likavimba. Hatukumwambia mtu. Tulimzika kijijini Mtunda akiwa na miaka miwili."

"Huenda hii ni saratani ya jicho," alisema nesi. "Wakati mwingine hurithiwa. Kesho mwende hospitali kubwa, Dar es Salaam. Na huyu dada yake naye apimwe."

Huko hospitali Mwanaheri alikutwa mzima. Jicho la Amri lilitolewa. Uvimbe ulikuwa haujatoka nje ya jicho, ndiyo maana yeye tunaye.

Tuliporudi, mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mwanaheri alikaa nami chini ya dungu tupu. "Bibi, ningesema siku ile, jicho lingepona?"

"Sijui, mjukuu wangu. Kosa ni langu, mimi niliyekufunga mdomo. Kondo nilimnyamazia, na Amri nikataka kumnyamazia. Ukiona jicho la mtoto linang'aa weupe au linakwenda upande, sema siku hiyohiyo. Mwambie mama yake, mwambie nesi. Hata bibi yako akikukataza, sema."

Akapangusa machozi. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu dirisha moja limezibwa, mwenyewe ndani bado anacheka."

Nilimtazama Amri akigaagaa mchangani na debe lake. Jibu nililijua, na safari hii nikalitaja: "Ndugu yako Amri."